Mtu Aliyehesabiwa Mara Mbili

Kosa langu kubwa nililifanya nikiwa na miezi saba tu kazini, na nililifanya kwa ajili ya usafi. Nilimfuta mtu aliyepotea kwenye orodha ya majalada yanayoendelea, kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa pia kwenye kituo kingine, na mimi nilikuwa siwezi kuvumilia mtu mmoja ahesabiwe mara mbili. Sikujuta siku ile. Nilijipongeza. Nalisema hili mwanzoni ili usije ukafika katikati ya maandishi haya ukadhani nilikuwa nalificha.

Nimestaafu mwezi uliopita kwa sababu ya macho. Sukari imeyala taratibu, mpaka daktari akasema mtu asiyeweza kutofautisha tatu na nane asikae na madaftari ya polisi. Sijafika miaka arobaini. Hapa Iyunga, Mbeya, ninapoishi, wazee wa kanisani wananitazama kama mtu aliyetoka ibadani kabla ya sadaka. Vijana wa masjala, yaani chumba cha majalada nilikofanya kazi muda wote, wameniomba niwaandikie nilichojifunza. Vyeo na mishahara sitavigusa. Havifundishi kitu, na vyangu si vya kusimuliwa. Vituo viwili vya kisa hiki sitavitaja pia. Waliokosea ni watu, na mmoja wao ni mimi.

Nilitoka Iringa, kijiji cha wakulima wa mahindi na viazi, nikapitia mafunzo ya depo, nikapangwa kituo kidogo kando ya barabara kuu, upande wa mashamba ya mpunga. Siku ya kwanza niliripoti na viatu vinavyong'aa hivi kwamba mkuu wa kituo aliniuliza kama nimekuja kazini au nimekuja kuposa. Akatazama mwandiko wangu kwenye fomu, akanielekeza masjala. Ndivyo nilivyokosa doria. Wenzangu walioanza nami walijifunza kukimbiza wezi wa pikipiki, mimi nikajifunza kufunga kamba za majalada.

Masjala ilikuwa ya Sajenti Sekela, mama wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, mnene, mwenye kikohozi na ucheshi wa pembeni. Alinipa rula ya chuma, kalamu mbili na mhuri wa tarehe ambao gurudumu la mwezi lilikuwa limekwama, ukilisukuma kwa kidole linakuchafua. Kalamu ya bluu ilikuwa ya jalada linaloendelea. Nyekundu ilikuwa ya jalada lililokwisha.

"Nyekundu ni kaburi," aliniambia. "Usimchimbie mtu ambaye hujaona maiti yake. Umesikia, Alfonsi?"

"Ndiyo, afande."

"Na usiseme ndiyo haraka hivyo. Wahehe nawajua, mkisema ndiyo haraka mnakuwa mmeshakasirika."

Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa naogopa. Hilo ndilo jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi: niliogopa kila asubuhi. Nilihesabu majalada mara tatu kabla ya chai na mara moja baada yake. Nikikosea herufi kwenye ukurasa, nilichana ukurasa nikaandika upya wote, halafu nikahesabu kurasa zote kwa sababu daftari sasa lina ukurasa pungufu. Takwimu hakuna aliyenifundisha. Nilinunua kitabu cha chuo kilichong'oka jalada la nje kwa mchuuzi wa vitabu chakavu Mbeya mjini, nikakisoma na kamusi pembeni, sura moja kwa wiki. Mtu anayejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia inatosha. Kwa hiyo haitoshi kamwe.

Nyinyi mnaoanza mtajua kwamba mwaka wa polisi una majira yake kama wa mkulima. Mvua zikianza, magari yanapinduka kwenye miteremko. Mpunga ukivunwa, magunia yanaibwa na watu wanapigana baa. Maonyesho ya wakulima ya Nanenane yanaleta wageni Mbeya na wachomoaji wa simu. Desemba mabasi yanajaa na kila dereva ana haraka ya kufika kwao. Mwisho wa yote hayo, vituo vinajumlisha: yaliyoripotiwa, yaliyofika mahakamani, yaliyokwisha, na yanayoendelea. Haya ya mwisho huhamishiwa daftari la mwaka mpya, moja moja, kwa mkono. Jalada likihamishwa, mpelelezi ataulizwa tena. Lisipohamishwa, hakuna wa kuulizwa. Linakaa kabatini likingoja panya.

Mwishoni mwa Novemba ya mwaka wangu wa kwanza alikuja Mama Atu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkulima wa mpunga, amefunga khanga mbili na ameshika viatu mkononi kwa sababu ya tope. Mume wake, Ezekia, alikwenda machimbo ya dhahabu Chunya baada ya mavuno, kama wanaume wengi wa huku. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Jumapili tatu zilikuwa zimepita kimya. Mama Atu alikwisha kwenda mpaka machimboni akaripoti kituo cha kule, nao wakamwambia aripoti na nyumbani pia, pengine mume amerudi kwa njia nyingine. Askari wa kaunta walikuwa wamekwenda kwenye ajali, kwa hiyo maelezo niliyaandika mimi, Sajenti Sekela akiwa ameketi pembeni anamenya chungwa.

"Ana alama yoyote mwilini?" niliuliza.

"Alama ya nini? Mume wangu siyo ng'ombe."

"Kovu, jino la pengo, kitu kama hicho."

"Hana. Amekonda tu. Mkanda wake wa ngozi nimeutoboa tundu la sita mwenyewe, kwa msumari wa moto, maana suruali ilikuwa inamwanguka. Msumari ukateleza, tundu likaenda upande. Akanicheka, akasema mke wangu fundi seremala."

Niliandika: hana alama maalumu. Sajenti Sekela akaacha chungwa.

"Andika mkanda."

"Afande, fomu inauliza alama za mwili."

"Na huo mwili unatembea uchi? Andika mkanda, na tundu, na upande."

Nikaandika. Jalada lile lilikuwa jalada zuri. Nataka mlikumbuke hilo, kwa sababu watu hudhani mambo huharibika kwa kukosa maelezo. Maelezo yalikuwepo yote.

Mwisho wa Desemba Sajenti Sekela alipata msiba Tukuyu, akaniachia orodha. "Hamisha tu," alisema. "Usitengeneze." Mimi nikatengeneza. Orodha ya zamani ilikuwa na madoa ya chai na namba zilizorukwa, nikaiandika upya kwa rula. Nilipofika kwa Ezekia, nikakumbuka kwamba ameripotiwa na machimboni. Kwenye jumla ya mkoa angeonekana kama watu wawili waliopotea. Kile kitabu changu cha chuo kilikuwa na sura nzima juu ya jambo hili. Nikampigia simu karani wa masjala ya machimboni, kijana wa rika langu nitakayemwita Jofrey.

"Ezekia, mchimbaji, aliyeripotiwa na mkewe. Mnaye?"

"Ngoja. Ndiyo, tunaye."

"Sawa. Heri ya mwaka mpya."

"Na kwako, kaka."

Nikachukua kalamu nyekundu. Mstari ulinyooka vizuri kuliko mstari wowote niliowahi kupiga. Januari, mkuu wa kituo alishika orodha yangu mbele ya gwaride akasema kwamba hatimaye tumepata mtu ambaye hesabu zake zinakuja sawa. Sajenti Sekela aliporudi aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Nzuri. Nzuri sana," kwa sauti ya mtu anayeonja chakula kisicho na chumvi. Nilimsubiri aniulize, nami nilikuwa na jibu tayari. Hakuuliza. Alikuwa ametoka kumzika dada yake.

Mama Atu alirudi baada ya mavuno. Nilimpokea mimi.

"Shikamoo afande."

Alikuwa na umri wa mama yangu, na mimi nikaipokea shikamoo yake, kwa sababu ya sare. "Marahaba. Jalada la mumeo liko machimboni, mama. Wao ndio wanaolishughulikia."

Akapanda gari mpaka machimboni. Huko akaambiwa jalada liko nyumbani. Akarudi. Nikamwambia kwamba wale wa kule ni wazembe, awabane. Mwaka uliofuata alirudi tena, na uliofuata. Nami, nakiri, nilianza kumwona msumbufu. Nikimwona langoni niliinamia daftari. Jambo pekee alilotaka ni neno moja kutoka kwetu, amekufa au hajafa, kwa sababu ndugu wa mume wake walikataa kukaa matanga bila kauli ya polisi. Walisema mke wa mtu aliye hai halii. Walisema Ezekia amepata mwanamke Makongolosi, kulekule machimboni. Na binti yake, Atu, alipopata mchumba, washenga walirudishwa mlangoni: baba yupo au hayupo, mahari inapokelewa na nani? Baba zake wadogo wakasema watasubiri kaka yao arudi. Mama Atu alinieleza yote hayo akiwa amesimama kaunta. Nikamwambia apeleke malalamiko ustawi wa jamii.

Baadaye nilihamishiwa Iringa. Miaka yangu ya Iringa naweza kuisema kwa ufupi: baridi, vilima, na kukua kwa kila kitu isipokuwa idadi ya watu wa masjala. Kata zikapata wakaguzi wao wa polisi, kwa hiyo taarifa zilizokuwa zinakuja kwa mwezi zikaanza kuja kwa wiki. Likafunguliwa dawati la jinsia na watoto, na wanawake waliokuwa wanamaliza mambo jikoni wakaanza kuandikisha. Takwimu zikapanda, wakubwa wakashtuka, nami nikalazimika kuwaeleza kwa barua kwamba maovu hayakuongezeka, yaliyoongezeka ni masikio. Barua ile ilirudi na alama ya kuuliza. Kompyuta ikaletwa, ikakaa kwenye boksi lake muda mrefu kwa sababu kila mtu aliogopa kuiharibu. Nikaifungua mimi. Nikajifundisha, nikafuta kazi ya wiki mbili kwa kidole kimoja, nikaanza upya.

Sajenti Sekela alistaafu nikiwa huko. Nilimpigia simu kumpongeza. Aliniuliza, "Bado unaipenda kalamu?" Nikasema sasa natumia kompyuta. "Basi Mungu awasaidie watu," akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Alifariki kabla sijapata nafasi ya kumweleza ninachowaeleza hapa.

Nilirudishwa Mbeya macho yakiwa yameanza kuota ukungu. Kazi yangu ikawa kuingiza madaftari ya zamani ya vituo kwenye kompyuta, ili taarifa ya kila mwaka iweze kulinganishwa na ya nyuma. Ilikuwa kazi ya mtu kama mimi. Niliifurahia, na sikuwa nimefurahia kitu kwa muda mrefu.

Asubuhi moja nilifungua daftari la maiti zisizotambuliwa la kituo cha machimboni, mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa nasoma kwa kioo cha kukuzia. Mstari ulikuwa mmoja tu: mwanamume, umri wa makamo, ametolewa kwenye duara lililotitia kwa mvua, hana kitambulisho. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao. Kisha: amevaa mkanda wa ngozi wenye tundu la sita lililochomwa kwa moto, limekwenda upande.

Kuna askari kule, sijui nani, ambaye naye aliandika mkanda, na tundu, na upande.

Nikatafuta Ezekia kwenye orodha ya waliopotea ya kituo kile. Hakuwepo. Nilitafuta mara tatu, halafu mara moja tena. Kila Januari maiti zisizotambuliwa hulinganishwa na orodha ya waliopotea. Ndiyo maana orodha zile zipo. Ezekia hakulinganishwa na mtu. Jofrey alikuwa amehamia mkoa mwingine. Nikamtafuta kwa simu.

"Ezekia yule mchimbaji. Ulimfuta?"

"Mwaka gani huo, kaka? Ngoja... si wewe ulinipigia? Nilijua mnaye, nikamfuta ili asihesabiwe mara mbili."

"Nilikuuliza kama wewe unaye."

"Ndiyo. Nikajua unaniuliza kwa sababu unaye."

Kwa upande wake nilisikia kuku. Kisha akasema, "Alfonsi, nina watoto watatu." Nikamwambia sitalitaja jina lake halisi, na sijalitaja.

Niliandika kila kitu kwenye ukurasa mmoja nikaupeleka kwa mkuu wangu. Aliusoma mara mbili.

"Unataka nikuadhibu?"

"Ndiyo, afande."

"Ungependa sana. Nikikuadhibu utakuwa umemaliza." Akanirudishia karatasi. "Nenda kamwambie mama wa watu."

Nilimkuta Chimala, sokoni, ana meza ya mchele. Alikuwa amezeeka kwa namna ya kushuka mabega. Sikuwa nimevaa sare, na bado alinitambua kabla sijafika.

"Yule wa rula," alisema. "Shikamoo."

"Mama, mimi ndiye natakiwa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kununua, au kunipeleka tena Chunya?"

Nikakaa kwenye gunia. Mkanda wenyewe haukuwepo. Vielelezo vya zamani vilikwisha kuteketezwa kwa amri ya mahakama, kihalali kabisa. Nilikuwa na mstari ule tu, nimeunakili kwa mkono wangu. Nikamsomea. Alikuwa na kopo la kupimia mkononi, akalishusha taratibu juu ya mchele.

"Rudia hapo kwenye tundu."

"Limechomwa kwa moto, limekwenda upande."

"Msumari uliteleza," alisema. Mteja akaja akauliza bei, jirani wa meza ya pili akamjibu kwa niaba yake.

"Kwa hiyo miaka yote hii alikuwa kwenye daftari."

"Kwenye daftari la maiti. Kwenye orodha ya waliopotea, ambako wangemtafuta, nilimtoa mimi. Na mwenzangu wa kule akamtoa pia."

"Kwa nini?"

"Alikuwa ameandikwa mara mbili."

Alinitazama kana kwamba nimesema kwa lugha ya kwetu. "Mara mbili," alisema. "Mimi nilikuwa naye mmoja."

Nilisema samahani. Akasema, "Hiyo kaiseme kwa shemeji zangu, siyo kwangu." Jumamosi iliyofuata nikaenda. Walikuwa wanaume wawili kwenye viti vya plastiki, na wazee wa ukoo nyuma yao. Nikasimama nikasema kwamba kaka yao hakupata mwanamke yeyote Makongolosi, kwamba alifukiwa na duara mvua za kwanza, na kwamba mkewe alikuwa anatuambia ukweli kila mwaka na sisi ndio tuliokuwa tunamzungusha. Mkubwa wao aliniuliza kwa nini nakuja kulisema sasa. Nikasema nimeliona sasa. "Lakini ulilifanya zamani," akasema. Nikakubali. Mdogo wake akaanza kulia, akatoka nje.

Mahakama ilipokea maelezo ya jalada, cheti cha kifo kikatoka. Kaburi ndilo lililotushinda. Tulikwenda machimboni mimi, Mama Atu na shemeji yake mkubwa. Mlinzi wa makaburi alituonyesha sehemu ya wasio na jina, matuta yamelala, majani yamepanda. Vibao vya namba vilikuwa vya mbao, mchwa walikuwa wamemaliza kazi.

"Ni kati ya hapa na pale," alisema, akinyoosha mkono.

Mama Atu alitazama hapa, akatazama pale. "Sasa nilie wapi?" aliuliza. Hakuwa anamuuliza mtu. Shemeji yake akavua kofia. Tulisimama mpaka jua likawa kali, halafu tukarudi kwenye gari.

Hakunisamehe, na sikumwomba mara ya pili. Matanga yalikaliwa, mahari ya Atu ikapokelewa na baba yake mdogo. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikaendelea na madaftari mpaka macho yalipokataa.

Kilichobadilika ni kidogo, na nakiandika kama kilivyo. Kwenye mkoa wetu, mtu aliyeripotiwa vituo viwili sasa anabaki kwenye orodha zote mbili mpaka apatikane, akiwa hai au maiti, na hakuna karani anayeruhusiwa kumtoa kwa simu. Orodha ya waliopotea na daftari la maiti zinasomwa pamoja kila mwezi, na watu wawili wanatia sahihi. Kwa sababu hiyo jumla ya mwaka haiji sawa, inazidi kidogo kila mara. Inapelekwa hivyohivyo.